Tiketi inasema Jumatatu, lakini mnaondoka Jumapili: siku mbili na nusu Bangkok

Shikamoo dada,

Mimi na mume wangu ni wakazi wa Arusha, tumeoana mwaka jana. Mwishoni mwa Julai tunakwenda Guangzhou kumtembelea wifi yangu anayesoma huko, na kwa kuwa ndege inapitia Bangkok tumeona tushuke tuuone mji. Tunatua uwanja wa Suvarnabhumi Ijumaa saa saba mchana na tunaondoka Jumatatu, tiketi imeandikwa 00:50. Viza ya Thailand tumeshapata kwa mtandao. Kila mmoja ana begi moja la mgongoni la kilo 12 hivi, masanduku hatubebi.

Shida ni kwamba tumeanza kugombana kabla hata ya kufungasha. Mume wangu ameandika sehemu 17 za kwenda: Kasri la Kifalme, mahekalu, soko la kwenye maji, magofu ya Ayutthaya, soko la Chatuchak, na nyingine. Mimi nasema tutashinda barabarani. Yeye anasema kilomita 10 ni kilomita 10 popote duniani. Tumeshika chumba mtaa wa Khao San usiku tatu, Ijumaa mpaka Jumatatu, kwa sababu tumeambiwa wenye mabegi wote hulala huko. Bado tunaweza kufuta bila kukatwa.

Bajeti ya Bangkok ni dola 300 kwa wote wawili, kulala na kula humo humo. Sisi ni Waislamu, nguruwe hatuli. Tena nimesikia kuna watu huuziwa mawe ya vito kwa ujanja, na sitaki yatukute. Naomba utupangie, maana nataka tufike tukiwa bado tunaongea.

Wenye Mabegi, Arusha

*

Marahaba, mdogo wangu. Kabla ya Khao San, na kabla ya orodha ya shemeji, chukueni tiketi muisome tena wote wawili. Jumatatu 00:50 ni usiku wa Jumapili kuamkia Jumatatu, saa saba kasoro dakika kumi usiku. Wazee wa pwani wakisema usiku wa Ijumaa wanamaanisha usiku wa kuamkia Ijumaa, na tiketi ya ndege inahesabu vivyo hivyo. Kwa hiyo Jumapili saa tatu na nusu usiku mnatakiwa muwe uwanjani mmeshapanga foleni. Mna usiku mbili, si tatu. Kulipia kitanda ambacho hamtakilalia ni hasara ndogo. Hasara kubwa ni kuamka Jumatatu mkinywa chai huku mkisubiri ndege iliyoondoka mkiwa mmelala. Futeni ule usiku wa tatu leo.

Sasa hizo kilomita 10. Shemeji anisamehe, lakini Bangkok haipimwi kwa kilomita. Gari likiingia barabara kubwa Ijumaa saa kumi na moja jioni, kilomita 10 zinaweza kula saa nzima na zaidi, na mvua ya Julai ikishuka ndiyo kabisa. Vinavyotembea kwa uhakika ni viwili: treni na boti. Ndiyo maana swali la kwanza la mgeni wa siku chache ni analala wapi, na sehemu za kutembelea zifuate hapo.

Khao San ina sifa yake na vyumba vya bei nafuu, ila haina kituo cha treni jirani, na muziki haunyamazi mpaka usiku wa manane. Boti ipo, gati la Phra Arthit, lakini boti za kawaida huisha jioni. Baada ya hapo unabaki na teksi na bajaji wanaojua fika kwamba huna njia nyingine. Hamisheni chumba mpeleke Bang Rak, karibu na kituo cha treni ya juu cha Saphan Taksin. Ukishuka ngazi za kituo hicho unakutana na gati la Sathorn, ambapo boti zote za mto Chao Phraya husimama. Treni na boti viko mlango mmoja, na kwa Bangkok hilo ni jambo adimu. Tena kwenu kuna faida ya ziada: mtaa huo una Waislamu wa siku nyingi. Msikiti wa Haroon uko kwenye uchochoro wa 36 wa barabara ya Charoen Krung, na chakula cha halali si cha kutafuta kwa tochi. Chumba cha wawili chenye kiyoyozi, nyumba ya wageni ya kawaida, wekeni baht 900 kwa usiku (baht ndiyo fedha ya Thailand).

Uwanja wa ndege nautolea maelezo marefu, maana hapo ndipo watu wetu hupoteza muda. Thailand inadai cheti cha chanjo ya homa ya manjano kwa wanaotoka Tanzania, Kenya, Uganda na baadhi ya majirani zetu. Chanjo iwe imechomwa si chini ya siku 10 kabla ya safari. Kama mlichoma zamani cheti bado ni halali, kinadumu maisha yote. Mkishuka kwenye ndege msikimbilie foleni ya uhamiaji. Tafuteni kwanza dawati la afya, kibao chake kimeandikwa Health Control, liko kabla ya uhamiaji. Mtajaza karatasi, watatazama kadi ya njano, watagonga muhuri, ndipo muende uhamiaji. Anayelipita husimama foleni ndefu, akifika dirishani anarudishwa akaanze upya. Kadi ikae mfukoni pamoja na pasipoti, isiwe chini ya begi.

Kuna fomu ya kidijitali ya kuwasili pia, iliyoanza tarehe 1 Mei 2025. Inajazwa kwenye tovuti ya uhamiaji wa Thailand ndani ya siku 3 kabla ya kufika. Nyinyi jazeni Jumatano. Ni bure. Tovuti ikiwaomba dola hata moja, mmeingia pasipo, tokeni. Na kanuni yao inataka mwenye viza ya utalii aweze kuonyesha baht 20,000, au 40,000 kwa familia. Si kila afisa anauliza, lakini fedha mliyobeba kwa ajili ya Guangzhou iwe mkononi, isiwe kwenye begi lililoingizwa tumboni mwa ndege.

Mkitoka, teremkeni mpaka ghorofa ya chini kabisa, iliko treni ya kwenda mjini. Vibanda vya kubadilisha fedha vilivyo huko chini hutoa kiwango kizuri kuliko vile vya benki mnavyokutana navyo baada ya mizigo. Nendeni na noti za dola 100, safi, zisizo na mkunjo wala maandishi, maana noti ndogo hupewa kiwango cha chini. Shilingi acheni nyumbani. Mashine za kutolea pesa hukata baht 220 au zaidi kwa kila mara unapotoa kwa kadi ya nje, sawa na milo mitatu au minne ya mtaani, kwa hiyo kama ni lazima toeni mara moja, kiasi cha kutosha. Mashine ikikuuliza kama unataka ikubadilishie kwa fedha ya kwenu, kataa. Ukikubali, wanakupangia kiwango chao.

Treni hiyo ni baht 45 kwa mtu mpaka mwisho wa njia, Phaya Thai, karibu nusu saa. Hapo mnapanda kwenye treni ya juu, mnakata tiketi nyingine, mnashuka Siam kubadili njia, kisha moja kwa moja mpaka Saphan Taksin. Treni ya juu na ya chini ya ardhi ni kampuni mbili, na tiketi ya moja haifungui geti la nyingine. Wengi hukwama hapo na kudhani tiketi mbovu. Ile ya chini hupokea kadi ya benki ya kugusa pale pale getini. Ya juu, kateni tiketi ya safari moja kwenye mashine, kati ya baht 17 na 47 kwa safari za mjini. Begi livueni mgongoni mlibebe kifuani au mliweke miguuni. Mkitoka uwanjani saa tisa mtafika chumbani kabla watu hawajatoka makazini.

Ijumaa hiyo msipange kitu zaidi ya kula na kutembea mtaani. Bangkok iko mbele yetu kwa saa 4. Kengele ikilia saa mbili asubuhi kule, mwili wako bado unahesabu saa kumi alfajiri. Usilale mchana, hata macho yakiwaka.

Na jambo dogo litakalowafurahisha: Wathai wana hesabu ya zamani ya saa za usiku inayofanana na yetu. Saa mbili usiku huiita song thum, na song ni mbili. Saa tatu ni sam thum, na sam ni tatu. Lakini tiketi na ratiba zote ni za saa 24, msije mkachanganya.

Jumamosi ndiyo siku ya mto, na hii ifuateni kama ilivyo. Saa moja na nusu asubuhi muwe gati la Sathorn. Subirini boti yenye bendera ya rangi ya chungwa, baht 16 popote mnaposhuka. Pembeni kuna kibanda cha boti ya watalii yenye bendera ya buluu, bei kubwa zaidi, na wauzaji wake watawaita kwa nguvu. Si matapeli, wanauza boti yao, ila nyinyi hamuihitaji. Mshuke gati la Tha Chang, mtembee kama dakika 5 hadi Kasri la Kifalme. Lango hufunguliwa saa mbili na nusu na tiketi ni baht 500 kila mmoja. Kufikia saa nne mabasi ya makundi yameshamwaga watu, na ua ule hauna kivuli.

Mavazi hapo ni sheria. Kaptula, nguo inayobana, inayoonyesha mwili, au isiyo na mikono, hupiti. Shemeji avae suruali ndefu nyepesi. Wewe ukiwa na gauni refu la mikono na mtandio huna shida. Usitegemee kanga begani kufunika blauzi isiyo na mikono. Kwenye mahekalu mengine inaweza kupita, lakini Kasri hukataa nguo ya kujitanda na kutaka mkono ulioshonwa. Ndani tazameni Buddha wa Zumaridi, ambaye kwa kweli amechongwa kwa jiwe la jade na ana urefu wa sentimita 66 tu, amekaa juu sana, na mavazi yake ya dhahabu hubadilishwa kwa misimu mitatu ya mwaka. Kupiga picha humo hairuhusiwi.

Hapo nje ya ukuta ndipo mchezo wa mawe unapoanzia. Atakuja mtu nadhifu, Kiingereza kizuri, pengine na kitambulisho shingoni, atawaambia kwa upole kwamba leo Kasri limefungwa kwa ibada mpaka mchana. Atafungua ramani, atawaonyesha hekalu jingine zuri, na bajaji itakuwa imesimama hapo hapo kwa baht 20 tu, mzunguko mzima. Hakuna dereva anayeweza kuzungusha watu wawili mji ule kwa baht 20. Anayemlipa ni duka. Mtashushwa hekaluni, mtakutana na "mgeni" mwingine anayesifia mauzo maalumu ya serikali yanayoishia leo, kisha mtajikuta dukani mbele ya yakuti mkiambiwa kwamba mkiziuza kwenu mtapata mara mbili. Serikali ya Thailand haina duka la vito. Na wewe wa Arusha unajua tanzanaiti inavyouzwa: jiwe halinunuliwi kwa haraka, bila kupimwa, kwa mtu uliyekutana naye njiani. Usibadili kanuni hiyo kwa sababu kuna kiyoyozi na juisi ya bure.

Kasri hufungwa kweli siku za shughuli za kifalme, lakini tangazo linakuwa kwenye tovuti yao rasmi. Itazameni Ijumaa usiku. Siku yenyewe msijibu wala msibishane, nendeni mpaka langoni mkaone kwa macho. Polisi wa watalii wako namba 1155.

Mkitoka Kasri, fuateni ukuta kuelekea kusini mpaka hekalu la Wat Pho, mwendo wa dakika 10 hadi 15. Tiketi ni baht 300. Buddha aliyelala humo ana urefu wa mita 46, na watu wengi humpiga picha usoni wakaondoka. Nendeni mpaka nyayoni. Zimenakshiwa kwa lulumizi, alama 108, na ukisogea karibu unaona kila alama imepangwa kwa vipande vidogo vinavyobadilika rangi unapohama hatua moja. Nyuma ya mgongo kuna mabakuli 108 ya shaba yaliyopangwa mstari, watu wanadondosha sarafu moja moja kila bakuli, na mlio wake unajaza jengo lote. Viatu mnavua mlangoni na kubeba kwenye mfuko, hivyo vaeni vya kuvulika upesi.

Saa sita mpaka saa kumi, rudini chumbani. Hapa ndipo shemeji atakapokataa, kwa hiyo nakupa hoja. Julai joto hufika nyuzi 33 na unyevu wa kukata pumzi. Kile ambacho asubuhi ni dakika 20 za kutembea, mchana kinakuwa kazi ya shamba. Wanaolazimisha mchana hununua teksi, soda na ugomvi, halafu jioni hawana nguvu, na jioni ndiyo Bangkok yenyewe. Kama hamtaki kulala, kandwa miguu: saa moja ya masaji ya kawaida mtaani ni baht 250 hadi 350. Chagueni duka lenye bei ubaoni.

Saa kumi pandeni boti tena mpaka Tha Tien, mvuke kwa kivuko cha baht chache kwenda hekalu la Wat Arun, tiketi baht 200. Minara yake imepambwa kwa vipande vya vyombo vya kaure kutoka China, sahani na bakuli kabisa, mkikaribia mtazitambua kingo. Hufungwa saa kumi na mbili. Vukeni kurudi Tha Tien, mlitazame jua likizama nyuma yake. Msitegemee boti kuwarudisha usiku. Tembeeni mpaka kituo cha chini cha Sanam Chai, vituo viwili tu mnashuka Wat Mangkon, na mmeingia Yaowarat, mtaa wa Wachina, wakati majiko yamewashwa.

Kuhusu kula, Yaowarat ni pa kutazama zaidi kuliko pa kula kwenu. Tatizo si nyama ya nguruwe inayoonekana. Supu ya tambi mara nyingi huchemshwa kwa mifupa yake, na mafuta yake hukaangia vitunguu saumu vinavyonyunyizwa juu ya chakula cha samaki au kuku. Ukisema mai sai mu, usiweke nguruwe, atakutolea nyama tu na supu itabaki ile ile. Kwa hiyo ulizeni ahan islam, chakula cha Kiislamu, au tafuteni alama ya halali kwenye kibanda. Mlo wa mtaani ni baht 50 hadi 80. Pilipili: mai phet ni bila ukali, ingawa hata hapo kaeni na maji. Wali wa kunata na embe unapikwa kwa tui la nazi, huo kuleni kila siku. Doriani iko msimu, ila ileni hapo hapo sokoni; kwenye treni imepigwa marufuku na hoteli nyingi hazitaki hata harufu yake mlangoni.

Jumapili asubuhi fungasheni, mkabidhi chumba, mabegi muyaache mapokezi, na muulize mapema kama mnaweza kuoga jioni kabla ya kuondoka. Nyumba nyingi hukubali, zingine kwa ada ndogo. Kisha treni ya juu mpaka Mo Chit, kutembea dakika chache mpaka Chatuchak. Soko kamili ni Jumamosi na Jumapili tu, maduka yanaanza kuchangamka saa tatu. Limegawanywa sehemu zenye namba, kila duka lina namba yake pia, na mnara wa saa katikati ndio dira yenu. Ukipenda kitu, bei ikikaa sawa, nunua hapo hapo au piga picha namba ya duka. Ukisema nitarudi, hutaliona tena. Kupunguziwa asilimia 10 au 20 ni kawaida, zaidi ya hapo mnapotezeana muda. Saa saba mchana muwe mmetoka.

Ayutthaya ni mji wa mwaka 1350 na nauli ya treni ya daraja la tatu haizidi bei ya soda, lakini uko kilomita 80 kaskazini na unakula siku nzima. Masoko ya maji maarufu yako nje ya mji, nayo ni nusu siku au zaidi ya kukaa garini. Shemeji ayatie kwenye safari ya pili.

Fedha: kulala 1,800, kiingilio cha Kasri, Wat Pho na Wat Arun kwa wawili 2,000, treni na boti zote takriban 850, chakula 1,800, laini ya simu 400, masaji 600. Jumla baht 7,450. Dola ikiwa baht 32, hiyo ni kama dola 233. Zilizobaki ni za Chatuchak. Teksi mkiihitaji, simamisheni inayotembea, si iliyoegeshwa mbele ya hekalu. Onyesheni mita kwa kidole, huanzia baht 35, na dereva akitaja bei ya jumla fungeni mlango kwa upole. Bolt mnayoijua ipo pia. Noti za 20 na 100 ziwe tayari.

Jumapili saa kumi na mbili jioni mmerudi Bang Rak, mmeoga, mmekula. Saa moja na nusu mko kituoni Saphan Taksin na mabegi. Ikiwa mvua imeshika, msichukue teksi kukwepa kulowa. Mvua ndiyo inayofunga barabara, treni iko juu yake.